Kuingia kwenye seva kwa ufunguo badala ya nywila: mwongozo kamili

Fungua daftari la matukio la seva yoyote ya Linux iliyo kwenye intaneti na poti 22 wazi (huo ndio mlango wa SSH, njia ya kuingia na kuiendesha seva kutoka mbali), uone waliokuwa wakibisha hodi usiku kucha:

```
sudo grep "Failed password" /var/log/auth.log | tail -n 20
```

Kama mfumo wako hauna faili hiyo, andika `sudo journalctl -u ssh`. Majina yanayojaribiwa ni yaleyale: root, admin, test, ubuntu. Si mtu aliyeketi akakulenga wewe. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikibahatisha nywila, na seva ya ofisi ndogo ya kutoa mizigo katika bandari ya Kilindini, Mombasa, hubishiwa sawa na seva ya kampuni kubwa.

Wabahatishaji hao ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili iko ndani ya ofisi. Nywila ya seva ni moja, inajulikana na mhasibu, fundi aliyeiweka na kijana aliyeacha kazi mwaka jana. Ilitumwa kwa WhatsApp, na huenda imechapwa kwenye kompyuta ya saiba pale Mwembe Tayari siku intaneti ya ofisi ilipokatika. Ukitaka kumwondoa mtu mmoja, huna budi kubadilisha nywila na kuwaambia wote waliobaki, na safari ya WhatsApp inaanza upya.

Ufunguo unatibu yote mawili, lakini kwa sharti moja ambalo mwongozo huu wote umejengwa juu yake: ufunguo wa siri hauondoki kwenye kifaa ulikozaliwa. Kila kifaa kina ufunguo wake, na kila mtu ana akaunti yake. Ukilivunja sharti hilo, umebaki na nywila ndefu tu iliyohifadhiwa kwenye faili.

## Kinachofanyika unapobisha

SSH ilitengenezwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen nchini Finland, baada ya mtandao wa chuo chake, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, kutegewa programu iliyokuwa ikinasa nywila za watu zikipita waziwazi. Programu tunayotumia wengi leo ni OpenSSH, inayotunzwa na watu wa mradi wa OpenBSD tangu 1999.

Unatengeneza funguo mbili zinazozaliwa pamoja. Wa umma unauweka kwenye seva, na hata ukibandikwa kwenye ukuta wa stendi ya matatu hauna madhara. Wa siri unabaki kwako. Unapoingia, kompyuta yako hutumia ufunguo wa siri kutia sahihi kwenye taarifa inayohusu muunganisho huo tu, na seva huikagua sahihi hiyo kwa ufunguo wa umma. Ufunguo wa siri wenyewe hausafiri. Kwa hiyo hata seva ikitekwa na mwizi, hatakuta humo kitu cha kumwezesha kuingia kwenye seva zako nyingine. Nywila haiko hivyo: unapoichapa, seva inaipokea yote, na seva iliyotekwa inaweza kuihifadhi.

## Kabla ya kuanza

Andika `ssh -V` kwenye dirisha la amri. Mac na Linux huja na OpenSSH tayari. Windows 10 tangu toleo la 1809, na Windows 11, zinayo ndani ya PowerShell, kwa hiyo ile programu ya PuTTY si lazima tena. Kwenye simu ya Android, weka programu ya Termux, inayokupa dirisha la amri, kisha `pkg install openssh`. Matoleo ya OpenSSH kuanzia 6.5, lililotoka 2014, yanajua aina ya ufunguo tutakayotumia.

Jambo la pili watu wengi hulipuuza hadi wanapojifungia nje: ingia kwenye tovuti ya kampuni inayokukodisha seva, tafuta ile konsoli inayofunguka ndani ya kivinjari, na uhakikishe unaweza kuingia nayo leo. Huo ndio mlango wako wa nyuma. Usisubiri kuutafuta siku mlango wa mbele umegoma.

## Kutengeneza ufunguo

Fanya hivi kwenye kompyuta yako, si kwenye seva:

```
ssh-keygen -t ed25519 -a 100 -C "laptopu-kilindini-2025"
```

Ed25519 ni aina ya ufunguo: mfupi, wenye nguvu, na wa haraka. Namba 100 inaongeza kazi ya kuifungua faili ya ufunguo, ili mwizi aliyeiba laptopu achelewe kila anapobahatisha. Wewe utahisi tofauti ndogo sana. Maneno ya mwisho ni lebo tu. Usiyaache yajaze yenyewe. Lebo inayotaja kifaa na mwaka itakuokoa siku ya kufuta.

Ukiulizwa mahali pa kuhifadhi, bonyeza Enter. Lakini ukiona swali lenye neno `Overwrite`, jibu `n`. Maana yake tayari kuna ufunguo wenye jina hilo, na ukijibu `y` unaufuta moja kwa moja bila njia ya kuurudisha. Toa jina lingine kwa kuongeza `-f ~/.ssh/id_ghala` kwenye amri.

Kisha utaulizwa kauli ya siri. Hii si nywila ya seva. Ni kufuli ya faili ya ufunguo kwenye diski yako, na seva haiioni kamwe. Herufi hazitaonekana unapochapa, hiyo ni kawaida. Chagua maneno matano au sita yasiyohusiana, kwa mfano ngalawa, saruji, thelathini, mchaichai, bawabu, tena usitumie haya. Methali usiitumie. "Haba na haba hujaza kibaba" inajulikana na kila mtu, na orodha za wabahatishaji hukusanya hasa semi zinazojulikana.

Sasa una faili mbili: `id_ed25519`, ambayo ni siri, na `id_ed25519.pub`, ambayo ni ya umma. Ya pili ni mstari mmoja wenye sehemu tatu: neno `ssh-ed25519`, herufi 68 zinazoanza na `AAAAC3NzaC1lZDI1NTE5`, na lebo yako. Kumbuka neno "mstari mmoja". Hitilafu nyingi zinatoka hapo.

Kama kuna kifaa cha zamani kisichoijua Ed25519, tengeneza ufunguo wa pili kwa `-t rsa -b 4096`, uutumie huko tu. DSA achana nayo kabisa. Imeondolewa kwenye OpenSSH 10.0 ya mwaka 2025.

## Hakikisha seva ni yako

Mara ya kwanza kuunganisha, programu inakuonyesha alama ya kidole ya seva, yaani mfuatano wa herufi unaoitambulisha, na kuuliza kama unaendelea. Karibu kila mtu anajibu `yes` bila kusoma. Kati ya meza yako Mombasa na seva iliyoko Frankfurt au Cape Town kuna Wi-Fi ya hoteli au router ya ofisi, kampuni ya intaneti, kebo ya chini ya bahari, na mitandao ya watu usiowajua. Mtu aliyeketi katikati, hasa kwenye Wi-Fi ya bure, anaweza kujifanya ndiye seva. Swali hilo ndilo nafasi yako ya kumgundua, na linaulizwa mara moja tu.

Ingia kwa ile konsoli ya kivinjari, uandike:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Itatoa mstari wenye `SHA256:` na herufi nyingi baada yake. Unakili. Kisha kwenye laptopu andika `ssh karani@203.0.113.25`, ukiweka jina na anwani ya seva yako. Swali likija, bandika alama uliyonakili badala ya kuandika `yes`. OpenSSH tangu 8.0 italinganisha yenyewe, na ikiwa hazifanani haitakubali kuendelea. Macho ya binadamu huchoka baada ya herufi sita.

## Kupeleka ufunguo wa umma

Kwenye Mac, Linux au Termux:

```
ssh-copy-id -i ~/.ssh/id_ed25519.pub karani@203.0.113.25
```

Itakuomba nywila ya akaunti kwa mara ya mwisho. Windows haina amri hiyo, kwa hiyo kwenye PowerShell andika hii ndefu, yote kwa mstari mmoja:

```
type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh karani@203.0.113.25 "mkdir -p ~/.ssh && chmod 700 ~/.ssh && cat >> ~/.ssh/authorized_keys && chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys"
```

Zitazame zile alama mbili, `>>`. Mbili zinaongeza mstari mwishoni mwa `authorized_keys`, faili ya seva yenye orodha ya funguo za umma zinazoruhusiwa kuingia. Ukiweka moja, `>`, unafuta funguo za wenzako wote na kubakiza wako peke yake.

Kama wewe si msimamizi, mtumie msimamizi faili ya `.pub`. WhatsApp inafaa kwa hili, ila itume kama faili, usibandike maandishi ambayo yanaweza kuvunjika mistari. Kisha mpigie simu umsomee herufi kadhaa za alama ya ufunguo wako, unayoipata kwa `ssh-keygen -lf ~/.ssh/id_ed25519.pub`. Siri haipo kwenye ufunguo wa umma, lakini msimamizi anahitaji uhakika kwamba ufunguo aliopokea ni wako na si wa mtu aliyeiteka simu yako. Na mtu yeyote akikuomba umtumie faili isiyo na `.pub`, mkatalie, hata awe fundi mzuri namna gani.

Sasa ruhusa za faili. SSH inakataa kuuamini ufunguo uliowekwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuandika, na inakataa kimyakimya: wewe unaona tu kwamba umekataliwa. Kwenye seva, hakikisha:

```
chmod go-w ~
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys
ls -la ~/.ssh
```

Jina la mwenye faili liwe lako. Ukiwa uliitengeneza folda kwa `sudo`, itakuwa mali ya root, akaunti kuu ya seva yenye mamlaka yote, na utahitaji `sudo chown -R karani:karani /home/karani/.ssh`.

## Jaribu, tena kwa ukali

Usitosheke kwamba umeingia. Huenda ufunguo ulikataliwa na ukaingia kwa nywila bila kugundua. Angalia unaulizwa nini: `Enter passphrase for key` ni kauli ya faili yako, hiyo ndiyo tunayoitaka. Lakini neno `password` likitanguliwa na jina la mtumiaji na anwani ni nywila ya seva, na maana yake ufunguo haujafanya kazi. Ili kuondoa shaka, izime nywila kwa upande wako:

```
ssh -o PasswordAuthentication=no -o KbdInteractiveAuthentication=no karani@203.0.113.25
```

Ukiingia kwa amri hiyo, umeingia kwa ufunguo. Usipoingia, ruka hadi sehemu ya hitilafu, na usiguse hatua inayofuata.

## Kuzima nywila kwenye seva

Hapa ndipo watu hujifungia nje. Mombasa kuna sababu ya ziada: stima inakatika, router inazima, na lile dirisha ulilokuwa umeliacha wazi kama tahadhari linakufa nalo. Chaji laptopu, weka bando kwenye simu kama akiba, kisha uanze.

Kama ulipewa root peke yake, tengeneza kwanza akaunti ya kawaida: `adduser karani`, kisha `usermod -aG sudo karani`, na uweke ufunguo wako huko. Ingia kama karani na ujaribu `sudo -v`. Elewa kwamba sudo itaendelea kuomba nywila ya akaunti hata baada ya nywila kuzimwa kwenye SSH. Kwa hiyo akaunti isiyo na nywila kabisa haitaweza kufanya kazi za msimamizi.

Acha dirisha moja limeingia. Fungua faili mpya:

```
sudo nano /etc/ssh/sshd_config.d/00-funguo.conf
```

Ndani yake weka:

```
PubkeyAuthentication yes
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no
```

Kwa nini jina lianze na 00? SSH husoma faili kwa mpangilio wa majina na kushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Seva nyingi za Ubuntu za kukodi zina faili `50-cloud-init.conf` yenye `PasswordAuthentication yes`. Mtu anahariri faili kuu, anaandika `no`, anaondoka ameridhika, na nywila bado inakubaliwa kwa sababu ile ya 50 ilisomwa kabla. Mstari wa tatu nao ni wa lazima: ukiuacha, mfumo unaweza bado kuomba nywila kwa njia ya pembeni. Katika matoleo ya kabla ya 8.7 uliitwa `ChallengeResponseAuthentication`. Kwenye mifumo ya zamani isiyo na folda hiyo, weka mistari hii juu kabisa ya `/etc/ssh/sshd_config`.

Kabla ya kuwasha, jiwekee kamba ya kurudi. Ukiwa na programu ya `at`, inayopanga amri iendeshwe baadaye, kwenye seva:

```
echo 'rm /etc/ssh/sshd_config.d/00-funguo.conf; systemctl reload ssh' | sudo at now + 10 minutes
```

Mambo yakiharibika, subiri dakika 10 na kila kitu kitarudi kilivyokuwa. Kisha:

```
sudo sshd -t
sudo systemctl reload ssh
sudo sshd -T | grep -Ei 'passwordauth|kbdinter|permitroot'
```

Amri ya kwanza isiposema kitu, faili haina kosa la uandishi. Ya tatu inaonyesha thamani zinazotumika kweli, baada ya faili zote kusomwa. Iamini hiyo kuliko kumbukumbu yako ya ulichoandika. Kwenye Fedora, Rocky na jamaa zao huduma inaitwa `sshd`, si `ssh`, basi badilisha jina kotekote.

Bila kufunga dirisha la kwanza, fungua jipya uingie. Kisha ujaribu kuingia kwa nywila makusudi:

```
ssh -o PubkeyAuthentication=no karani@203.0.113.25
```

Unapaswa kukataliwa papo hapo bila kuulizwa nywila. Ukishathibitisha yote mawili, ifute ile kamba: `sudo atq` inaonyesha namba ya kazi, na `sudo atrm` ikifuatwa na namba hiyo inaiondoa. Ukisahau, baada ya dakika 10 nywila itakuwa imewashwa tena na wewe hujui.

## Matumizi ya kila siku

Kwenye kompyuta yako, fungua faili `~/.ssh/config` uandike:

```
Host ghala
    HostName 203.0.113.25
    User karani
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519
    IdentitiesOnly yes
    ServerAliveInterval 60
```

Sasa `ssh ghala` inatosha. `IdentitiesOnly` inaiambia programu itoe ufunguo huu peke yake. Bila hiyo, mtu mwenye funguo saba atazijaribu moja baada ya nyingine, na seva kwa kawaida yake inakata baada ya majaribio 6, hata kama wa saba ndio sahihi. `ServerAliveInterval` inatuma ishara kila sekunde 60. Kwenye intaneti ya simu, muunganisho uliokaa kimya hukatwa na mtandao, na wewe unabaki unachapa kwenye dirisha lililoganda. Kwa kazi ndefu, fungua `tmux` kwenye seva kwanza. Ukikatika ukiwa kwenye feri ya Likoni, kazi inaendelea, na ukirudi unaikuta kwa `tmux attach`.

Kauli ya siri haitakuchosha ukitumia wakala anayeishika kwa muda:

```
ssh-add -t 4h ~/.ssh/id_ed25519
```

Kwa saa 4 hutaulizwa tena. Wakala wa Windows ni tofauti: huhifadhi funguo hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo kwenye laptopu inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja zifute kwa `ssh-add -D` unapomaliza. Pia usiwashe `ForwardAgent`. Inaonekana rahisi unapopita seva moja kwenda nyingine, lakini mwenye mamlaka ya root kwenye seva ya katikati anaweza kutumia funguo zako muda wote ulioungana. Tumia `ssh -J lango ghala`. Unapita kwenye lango bila kuliachia chochote.

Saiba, jibu ni hapana. Ufunguo kwenye flashi ukichomekwa kwenye kompyuta ya saiba umekwishanakiliwa, hesabu hivyo hata kama huna ushahidi, na kibodi ile inaweza kuwa inarekodi kauli yako. Kama huna laptopu, simu yenye Termux na ufunguo wake yenyewe ni salama mara nyingi zaidi, ingawa kuchapa amri kwa vidole gumba kunachosha.

Kwa kazi zinazojiendesha zenyewe, kama kunakili hifadhidata kila usiku, ufunguo hauwezi kuwa na kauli kwa sababu hakuna wa kuichapa. Basi ubane upande wa seva, mwanzoni mwa mstari wake kwenye `authorized_keys`:

```
restrict,command="/usr/local/bin/nakala.sh",from="198.51.100.7" ssh-ed25519 AAAA...
```

Ufunguo huo utaendesha amri hiyo moja tu, kutoka anwani hiyo moja tu. Usiweke `from` kwenye ufunguo wa mtu anayetumia intaneti ya simu. Anwani yake hubadilika na atafungiwa nje bila kosa.

Wanaosimamia fedha au taarifa za wateja wafikirie ufunguo wa kifaa cha USB, unaotengenezwa kwa `-t ed25519-sk`. Unahitaji OpenSSH 8.2 au zaidi pande zote mbili. Ufunguo unafungamana na kifaa, na kila kuingia kunadai ukiguse kwa kidole. Nunua viwili, uandikishe vyote, kimoja kikae kwenye sefu.

## Hitilafu na sababu zake

`Permission denied` ndiyo utakayoikuta zaidi. Andika `ssh -v ghala` usome mistari yenye neno `Offering`. Kama ufunguo wako hautajwi hapo, tatizo liko kwako: njia ya faili kwenye config si sahihi, au faili haisomeki. Kama umetolewa na seva ikaukataa, tatizo liko kwenye seva, na jibu liko kwenye `sudo journalctl -u ssh -n 30`. Ukiona huko `bad ownership or modes`, rudi kwenye ruhusa. Ukiwa huoni chochote cha maana, huenda mstari kwenye `authorized_keys` umevunjika vipande viwili, au ufunguo uliwekwa kwenye akaunti nyingine. Mtu anauweka kwa root kisha anajaribu kuingia kama karani.

Waliotumia PuTTYgen wana mtego wao. Kitufe cha kuhifadhi ufunguo wa umma kinatoa faili ya mistari mingi inayoanza na `---- BEGIN SSH2 PUBLIC KEY`, na hiyo haifai kwenye `authorized_keys`. Nakili maandishi yaliyo kwenye kisanduku cha juu cha dirisha lile. Faili ya `.ppk` nayo OpenSSH haiijui. Ibadilishe kwenye menyu ya Conversions.

`UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE` maana yake faili ya siri inasomeka na wengine. Kwenye Linux na Mac ni `chmod 600`. Ikigoma kubadilika, faili iko kwenye flashi ya FAT32 au exFAT, ambazo hazihifadhi ruhusa za namna hiyo, na hapo swali kubwa ni ufunguo ulifikaje kwenye flashi. Kwenye Windows:

```
icacls $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519 /inheritance:r /grant:r "$($env:USERNAME):F"
```

`REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED` usiifute kwa mazoea. Kama seva imewekwa mfumo upya, ni kawaida. Thibitisha alama mpya kwa konsoli, kisha `ssh-keygen -R 203.0.113.25`. Kama hakuna aliyeigusa seva, ondoka kwenye Wi-Fi hiyo ujaribu kwa bando. Onyo likitoweka, Wi-Fi ile ina mtu katikati.

`Connection refused` na `Connection timed out` hazihusu ufunguo hata kidogo. Ya kwanza kwa kawaida ni huduma ya SSH haijawashwa au poti si hiyo. Ya pili mara nyingi ni ukuta wa moto au seva imezimwa.

Kama seva yenyewe ni Windows, akaunti zenye mamlaka ya msimamizi hazisomi faili ya nyumbani kwao. Funguo zao hukaa kwenye `C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys`. Hili limewapotezea watu siku nzima.

## Simu imepotea, au mtu ameacha kazi

Simu ikichomolewa mfukoni kwenye matatu, foleni ya kwanza si ya kituo cha polisi. Chukua kompyuta yako nyingine ambayo ufunguo wake ulikwisha kuandikishwa, au tumia konsoli, uondoe mstari wa simu:

```
grep -n "simu-termux-2025" ~/.ssh/authorized_keys
sed -i '/simu-termux-2025/d' ~/.ssh/authorized_keys
```

Angalia kwa `grep` kwanza, ili lebo fupi isifute na mistari ya wengine. Hapa ndipo sharti la mwanzo linalipa: mstari mmoja umetoka, na hakuna mwingine ofisini aliyesumbuliwa. Ndiyo sababu pia hatushauri kuweka nakala rudufu ya ufunguo wa siri. Akiba bora ni ufunguo wa pili, wa kifaa cha pili, ulioandikishwa mapema.

Kuufuta mstari hakumtoi aliyekwisha kuingia. Angalia kwa `who`. Ukiwa umempa kila mtu akaunti yake, `sudo pkill -KILL -u` ikifuatwa na jina lake inamkata yeye peke yake. Mkiwa mnashirikiana akaunti moja, utajikata na wewe.

Kisha tazama kama ufunguo ulitumika baada ya kupotea. Kila kuingia huandikwa pamoja na alama ya ufunguo uliotumika:

```
sudo journalctl -u ssh --since "2 days ago" | grep "Accepted publickey"
```

Ukikuta kuingia usikokutambua kwenye seva yenye taarifa za wateja, andika saa na anwani kabla ya kugusa kitu kingine. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, pale asiyeruhusiwa alipofikia taarifa za watu na kuna hatari ya kweli ya madhara kwao, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua.

Mara moja kila baada ya miezi mitatu, endesha hii kwa kila akaunti:

```
ssh-keygen -lf ~/.ssh/authorized_keys
```

Itatoa alama na lebo ya kila ufunguo, mstari kwa mstari. Isome pamoja na wenzako mkiwa ofisini, kila mmoja ataje kifaa chake. Mstari usio na mwenyewe unafutwa siku hiyohiyo. Mwenye nao akijitokeza kesho, atatengeneza mwingine kwa dakika mbili.